Mkono wa Mwisho

Asubuhi ya siku ya tatu fundi aliingia kwenye kibanda chake cha kazi, akaweka kiganja juu ya ukingo wa hodhi, kisha akakiinua. Kiganja kilitoka kwa shida, na sauti ndogo ya kubanduka. Hodhi lilikuwa bado linanata.

Alitukana. Alilitukana hodhi, akamtukana aliyemuuzia ile gundi ya resini, akaitukana na hali ya hewa, ingawa hali ya hewa haikuwa na kosa lolote na jua lilikuwa linawaka vizuri tangu Jumatatu. Kisha akageuka kuona kama kuna aliyesikia. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Bado, baba?"

"Limeshika. Linasumbua juu tu."

"Hata jana ulisema hivyo."

"Na leo nasema tena. Weka hiyo chai, nenda kwa mama yako."

Hodhi lenyewe lilikuwa la huyo mama. Miezi miwili kabla, kiharusi kilimwangusha jikoni, kikamchukua upande wote wa kulia pamoja na maneno yote. Alibaki na mkono wa kushoto, macho yake, na sauti moja isiyo neno ambayo ilibidi imtoshe kwa kila kitu, kiu, maumivu na hasira. Binti aliomba ruhusa kiwandani anakoshona nguo, akaja kumwogesha na kumgeuza kitandani. Ruhusa ilikuwa inaisha Jumamosi. Baada ya hapo fundi angebaki peke yake na mkewe, na peke yake hakuweza. Mgongo wake ulikuwa mbovu na bafu lao jembamba. Siku moja alijaribu kumwogesha kwenye kiti, wakateleza wote wawili, wakakaa sakafuni ndani ya maji ya sabuni mpaka binti aliporudi kutoka sokoni. Vidonda viwili vya kulalia vilikuwa vimeanza kiunoni mwa mama. Kaka yake, mwenye duka la matairi, alishasema kwenye simu bila kupindapinda: nikija Jumamosi nisione namna ya kumwogesha dada yangu, naondoka naye.

Fundi alilijibu hilo kwa mbao na faiba. Angetengeneza hodhi lenye kiti ndani yake, na ukuta mmoja mfupi, ili mkewe ateleze tu kutoka kwenye kiti cha magurudumu na kuingia majini bila kunyanyuliwa. Alimpima kwa futi ya kushonea huku mama akimtazama. Yalikuwa mawazo mazuri, na ninasema hivyo kwa sababu baadaye nitamsema vibaya.

Watu walimwita Fundi Kioo. Miaka ishirini na sita alikuwa akitengeneza vitu vya faiba, matangi, boneti za magari, mabeseni ya kuogea, na vyote vilitoka vinang'aa mtu akajiona meno. Kwa vitu vipya kung'aa si kazi. Kuna kalibu, unaipaka kwanza ile rangi nzito ya resini iitwayo jelikoti, unabandika faiba juu yake, na kikikauka unakitoa. Jelikoti inakauka ikiwa imebanwa baina ya kalibu na faiba, wala haikutani na hewa. Lakini hodhi la mama halikuwa na kalibu, kwa kuwa lilikuwa moja tu na la mtu mmoja. Alilijenga kwa plaiwudi, akalifunika kwa faiba, na jelikoti nyeupe ikawa ndiyo mkono wa mwisho, yaani tabaka la juu kabisa, imeachwa wazi. Na jelikoti ikiachwa wazi kwenye hewa, chini inakuwa ngumu kama jiwe lakini juu inabaki inanata, leo, kesho na mwezi ujao.

Mtu wa miaka ishirini na sita kazini alikuwaje hajui hilo? Hakujua kwa sababu hakuwahi kuhitaji kujua. Vitu vya kurekebishwa, vile vilivyopasuka na kuhitaji mkono wa mwisho wa wazi, alikuwa anavipiga msasa, anabandika faiba, kisha anatoka nje kuzungumza na wateja. Mkono wa mwisho aliupaka mkewe. Kesho yake asubuhi mama aligonga kazi mara mbili kwa ukucha, ko ko, akasema, "Mwite mwenyewe." Mteja mwenyewe akija na kusifu, fundi alicheka na kumwelekeza kidole mkewe: "Huyu ananisaidia kufagia." Wateja walicheka pia. Mama alikuwa akiyasikia hayo mwaka baada ya mwaka, brashi ikiwa mkononi mwake.

Juu ya rafu ya kibanda mama aliweka chupa ya jemu yenye maji ya kazi, na kitu cheupe kimetuama chini. Wiki moja baada ya mama kuanguka, fundi alisafisha kibanda ili apoteze mawazo. Aliiona ile chupa, akaona yaliyomo yameganda, akasema dawa imeharibika. Aliimwaga shimoni, akaiosha na chupa.

Alhamisi alizidisha dawa ya kukausha. Alipaka mkono mwingine wenye dawa maradufu, na kabla ya saa sita ukageuka rangi ya siagi na kupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Juu ulinata vilevile. Ijumaa asubuhi akaja ndani na kopo la poda.

"Hodhi tunalipaka hii," alimwambia binti yake. "Poda inakausha jasho, itakausha na hii."

"Baba, hii si jasho."

"Mjomba wako anakuja kesho. Una dawa nyingine?"

Binti hakuwa nayo. Walilipaka poda lote, likaonekana kavu kweli, hata fundi akapitisha mkono na kutabasamu mara ya kwanza wiki hiyo. Walilivuta mpaka uani, wakajaza maji ya uvuguvugu. Mama alivishwa gauni lake jepesi la maua ya buluu, akatelezeshwa kutoka kwenye kiti kupita ule ukuta mfupi, kama alivyopimiwa. Aliingia bila kunyanyuliwa. Maji yalipomfika kiunoni alifumba macho, na uso wake, ambao nusu yake ilikuwa imelegea tangu siku ile, ukatulia wote. Fundi aliuona. Alisimama na jagi mkononi, machozi yanamlenga, akasema, "Unaona? Unaona sasa?"

Kwa dakika tano hivi walikuwa na furaha.

Kisha maji yakaiosha poda. Binti alipotaka kumsogeza mama ili amsugue mgongo, mama hakusogea. Gauni lilikuwa limeshika. Fundi akamvuta kwa mikono miwili, akidhani nguvu ndiyo inayotakiwa, na kiwiko cha mama kilichoegemea ukingo kikabanduka, ngozi ikabaki pale. Ile sauti yake moja ilitoka kubwa mpaka jirani akauliza juu ya ukuta kuna nini.

"Hakuna kitu!" fundi alipiga kelele. "Tunaoga!"

Walimtoa kwa mkasi. Binti alikata gauni mgongoni huku analia na kumwomba mama yake radhi, na mama akabaki uchi uani, mchana, akijifunika kifua kwa ule mkono mmoja. Fundi alimtupia shuka lakini alichelewa kulitupa, na wote watatu walijua amechelewa. Nusu ya gauni ilibaki kwenye hodhi, maua ya buluu yamebandikwa kwenye weupe.

*

Mchana huo binti alikwenda kutafuta bendeji. Fundi alimletea mkewe chai ya moto, akaiweka kwenye meza ndogo ya kando ya kitanda, akakaa kitini. Mama alitoa sauti yake, akaonyesha rafu.

"Dawa?"

Hapana.

"Redio?"

Hapana. Kidole kilikuwa kinaelekea kwenye mishumaa, ile wanayoiweka kwa ajili ya siku umeme ukikatika.

"Umeme upo, mama. Tazama taa."

Hakukubali. Alitoa sauti tena, na tena, mpaka fundi akampa mshumaa ili anyamaze tu. Mama aliubana katikati ya mapaja, akaanza kuukwangua kwa ukucha wa dole gumba. Vipande vyembamba vyeupe vilianguka juu ya shuka. Alivikusanya kimoja kimoja, akavitia kwenye kikombe cha chai, akakoroga kwa kidole ingawa chai ilikuwa ya moto.

"We! Unafanya nini?"

Akamwinulia kiganja kumwambia asubiri. Vile vipande viliyeyuka, vikapotea. Chai ilipoanza kupoa, utando mweupe ukajitokeza juu yake, ukatanda kutoka ukingo mpaka ukingo. Mama aliugusa kwa ukucha. Ulikuwa mgumu. Aliugonga mara mbili, ko ko, akamtazama mumewe usoni. Kisha akamshika kidole ili akiweke pale juu, ajionee mwenyewe.

Akili ya mama ilikuwa nzima. Nasema hivyo wazi kwa sababu katika chumba kile hapakuwa na wa kumsemea. Alikuwa amelazwa chini ya dirisha siku nne, akisikia mumewe anavyopaka na kutukana, na alikuwa amejua tangu siku ya kwanza kinachokosekana. Alikuwa anampa somo lote, kuanzia mshumaa mpaka utando unaoizuia hewa, kwa mkono wa kushoto na kikombe kimoja cha chai.

Fundi alichomoa kidole chake. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na masikioni bado alikuwa na kelele za uani.

"Sasa unakula mishumaa?" alisema. "Mimi nahangaika huku, jua lote, na wewe unanichezea chai kama mtoto mchanga?"

Mama alitoa sauti yake.

"Basi! Basi, mke wangu, nimechoka!"

Akakichukua kikombe, akakiweka juu dirishani asikifikie. Mama aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka binti aliporudi na bendeji.

*

Kaka wa mama alifika Jumamosi saa tatu asubuhi na pikapu ya dukani kwake. Aliwasalimia vizuri, akauliza habari za kazi, kisha akaenda moja kwa moja kwa dada yake. Aliona bendeji kwenye kiwiko. Aliona kikombe dirishani, akakichukua, akachungulia ndani.

"Hii nini?"

Binti aliinamisha kichwa. "Mama alitia mshumaa kwenye chai, mjomba. Jana."

"Akanywa?"

"Sijui. Mimi sikuwepo. Alikuwa na baba."

Mjomba alikirudisha kikombe mahali pake taratibu. Alitoka uani, akalizunguka hodhi. Alikuta nzi wanne wamenasa ukingoni, mmoja bado anapiga mabawa, na pale kwenye kiti akaona maua ya nguo.

"Shemeji, hili ndilo hodhi?"

"Bado mkono mmoja tu. Nipe mpaka Jumanne."

"Watu wanakuita Kioo," mjomba alisema, na hakusema kwa ubaya, jambo ambalo liliuma zaidi. "Shemeji, sina ugomvi na wewe. Lakini dada yangu ana vidonda, amechubuka, na anatia mishumaa kwenye chai hakuna wa kumwangalia. Kwangu mke wangu anashinda nyumbani. Tumuulize mwenyewe."

Wakarudi ndani wote. Mjomba alichuchumaa kando ya kitanda. "Dada, unataka twende kwangu?"

Mama hakumtazama kaka yake. Alimtazama mumewe, na macho yake yalikaa pale kwa muda mrefu. Alikuwa anasubiri. Neno moja tu lingetosha, hata lingekuwa la hovyo, hata kama angesema baki tutahangaika hivyohivyo. Fundi alikuwa na aibu ya nzi na maua, na aibu ikitaka njia ya kutokea haichagui.

"Anajua nini siku hizi?" alisema. "Anakula mishumaa."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Alimkubalia kaka yake, mara moja, kisha akafumba macho.

Walimbeba kwenye shuka. Binti alipanda nyuma kumshika, na yeye angeshukia kituo cha mabasi. Fundi alibaki getini ameshika kiti cha magurudumu kilichokosa nafasi, na mjomba akaahidi kumtuma mtu akichukue.

*

Jumatatu alikwenda dukani kwa muuza kemikali, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikwenda kugomba. Aliliweka kopo la jelikoti juu ya kaunta mbele ya wateja watatu.

"Mama, mmeniuzia kitu kibovu. Hakikauki."

"Kwenye kalibu au wazi?"

"Wazi."

"Mkono wa mwisho umetia nta?"

"Nta gani?"

Mteja mmoja, kijana wa gereji aliyekuwa akimwita fundi mwalimu wake, alijifanya anasoma bei za brashi.

"Fundi, si ile anayotengeneza mkeo?" muuza kemikali alisema. "Anachukua kwangu maji ya kupunguzia resini, ananiambia mshumaa ninao nyumbani. Anaukwangua, anauyeyusha humo, chupa ikiwa ndani ya maji ya moto. Ikipoa nta inatuama chini, nyeupe, unaipasha tena kabla ya kutumia. Kijiko tu kwenye mkono wa mwisho, ule wa mwisho kabisa, ukiitia kabla yake mkono unaofuata haushiki. Nta inapanda juu, inafunga utando. Hewa haipiti, basi inakauka."

"Utando," fundi alisema.

"Eeh. Kama ule wa juu ya chai ya maziwa."

Fundi aliishika kaunta kwa mikono yote miwili. Muuza kemikali akavua miwani. "Nilidhani wewe ndiye uliyemfundisha. Kwani hakukwambia?"

"Aliniambia," fundi alijibu. "Aliniambia Ijumaa."

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani watu walimsalimia asiitikie. Kikombe kilikuwa bado dirishani. Utando ulikuwa umekauka juu ya chai, na katikati yake kulikuwa na vialama viwili vya ukucha. Alikaa kwenye kitanda cha mkewe, akaweka kidole pale alipokuwa ametakiwa akiweke, akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia.

Kazi ilimchukua siku mbili. Alipangusa unato wote kwa asetoni, akapiga msasa mpaka nyufa zikaisha. Maua ya gauni yalikuwa yameingia ndani, ikabidi ayasugue moja moja, na kila ua lilitoka polepole kuliko alivyotaka na upesi kuliko alivyoweza kuvumilia. Alikwangua mshumaa uleule. Alipaka mikono miwili ya kawaida, kisha wa mwisho akautia kijiko cha nta, akalifunga hodhi kivulini na kukaa nje. Alhamisi asubuhi aliweka kiganja. Kiganja kilitoka bila sauti yoyote. Liling'aa akajiona uso wake wote, na hakupenda alichokiona.

*

Alilipeleka kwa pikapu ya kukodi. Mjomba alisaidia kulishusha, akalipapasa, akasema, "Sasa hapa umefanya kazi, shemeji."

"Kazi ni ya dada yako," fundi alisema. Alisema kwa sauti, mbele ya dereva na jirani wawili waliokuja kutazama. "Zote. Jina hili la Kioo ni lake. Mimi ndiye nilikuwa nafagia."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha, kisha wakaacha.

Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha, amesukwa nywele. Vidonda vilikuwa vinafunga, wifi yake alieleza, anageuzwa kila baada ya saa mbili. Fundi alipiga magoti.

"Nilimwaga chupa yako," alisema. "Nikafikiri imeharibika. Na ile chai... mke wangu, sikukuelewa. Nilikuwa sijawahi kukuuliza hata siku moja." Akaonyesha nje kwa kidole. "Hodhi limekauka. Twende nyumbani?"

Mama aliunyoosha mkono wa kushoto, akautoa unga mweupe wa msasa kwenye nyusi za mumewe, kwanza jicho moja, halafu la pili. Kisha akatikisa kichwa. Kilikwenda upande mmoja, kikarudi upande wa pili, bila hasira.

Kwa hiyo alilifunga palepale, kwenye bafu la shemeji yake. Lile bafu lilikuwa pana. Aliunga mabomba, akajaribu maji, akafuta alama za vidole vyake. Mchana wifi alikuja na taulo mbili na msichana wa kumsaidia.

"Shemeji, tunaomba utupishe. Tunamwogesha."

Alitoka. Alikaa kwenye benchi la ukumbini na spana mapajani, mjomba akaja kukaa naye. Mlango ulifungwa. Wakasikia kiti cha magurudumu kikisogezwa, wifi akisema taratibu, taratibu, hivyohivyo, kisha maji. Hapakuwa na kelele. Maji yalimwagwa, yakatulia, yakamwagwa tena, na mama akaitoa ile sauti yake moja, ila safari hii ilikuwa ndefu na ya chini, na fundi hakuwa ameisikia hivyo tangu aanguke.

Halafu, kwa ukucha, juu ya faiba: ko ko.

Mjomba akainua kichwa. "Wanaita?"

"Hapana," fundi alisema. "Anasema kazi imekwisha."

Alizikusanya spana zake ndani ya mfuko, moja moja, zisilie.